Riwaya za kihistoria za Kiswahili: ipi uinunue kwanza

Karibu kila msomaji ninayemfahamu ana kitabu kimoja kikubwa cha heshima kilichokwama ukurasa wa arobaini, na mimi ninacho changu. Ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa ukubwa wa jina la mwandishi. Nimejiuliza tu: mtu akikinunua leo, atakimaliza?

1. *Vuta n'kuvute*, Adam Shafi (1999). Anza na hiki. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa mwanamume mzee asiyemtaka, anamkimbia, na maisha yanamkutanisha na Denge, kijana anayepambana na Waingereza kwa siri kule Unguja. Siasa ya ukoloni inaingia kupitia milango ya nyumba: nani anafukuzwa na jamaa zake, nani anamficha nani, askari wanagonga saa ngapi. Unasoma ukitaka kujua Yasmin atalala wapi usiku huo, na kabla hujatanabahi umeshaijua Zanzibar ya kabla ya uhuru. Kiswahili chake ni cha Kiunguja kitamu, hakichoshi.

2. *Peponi*, Abdulrazak Gurnah. Hii ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli. Toleo la Kiingereza ni la 1994. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni. Baadaye anafuata msafara wa biashara kwenda bara, huku Wajerumani wakizidi kujipenyeza. Mwendo wake ni wa taratibu, lakini maneno ya Kiswahili yaliyokuwa wageni ndani ya Kiingereza hapa yamerudi kwao. Ukiweza kusoma lugha zote mbili, chukua hii.

3. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*, Aniceti Kitereza. Kwa thamani ningekiweka cha kwanza bila kusita. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata mchapishaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Kisa ni cha mume na mke wasiojaliwa mtoto katika Ukerewe ya kabla ya wakoloni: wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere hana budi kwenda kumkomboa kwa pombe ya ndizi. Pombe hiyo utaisoma inavyotengenezwa hatua kwa hatua, na vivyo hivyo kilimo, uvuvi, dawa na adabu za ukweni. Hapo ndipo wengi hukwama. Ushauri wangu ni kukisoma kidogokidogo, kama unavyomsikiliza babu asiye na haraka. Kabla ya kulipa, hakikisha nakala yako ina sehemu ya watoto, Ntulanalwo na Bulihwali, maana bila hiyo umenunua nusu.

4. *Kuli*, Adam Shafi tena (1979). Rashidi ni mpagazi wa bandarini Unguja, na hadithi inaelekea kwenye mgomo wa 1948. Ni fupi na ya moja kwa moja. Wahusika wabaya ni wabaya mno kwa ladha yangu, lakini jasho la gatini unalinusa.

5. *Utubora Mkulima*, Shaaban Robert (1968). Si ya kihistoria hasa. Naitaja kwa anayetafuta kitabu cha kumtia moyo. Mtu anaacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima. Mawaidha ni mengi, ila Kiswahili chake kinayabeba.

6. *Uhuru wa Watumwa*, James Mbotela (1934). Kijitabu kuhusu utumwa na watu walioachwa huru wakakaa Freretown, Mombasa. Kinawasifu Waingereza kupita kiasi, kwa hiyo kisiwe cha kwanza kwako.

Tahadhari moja ya kununua: riwaya zilizowahi kutahiniwa shuleni zina vitabu vya mwongozo vyenye jina lilelile kwa herufi kubwa jaladani, na neno "mwongozo" limejificha pembeni. Niliwahi kubeba kimoja hadi nyumbani, nikakuta muhtasari, dhamira na maswali ya marudio. Fungua ukurasa wa kwanza. Ukikutana na "wasifu wa mwandishi" na "maudhui" kabla ya hadithi, kirudishe.