Daktari wa paka anayekuja nyumbani, nampa nyota nne

Jamani paka wangu Mwezi aliumwa, mafua, macho yamejaa tongotongo, kula hataki kabisa, siku ya pili nikaona huyu atanifia. Kumpakia bodaboda kutoka Tabata siwezi, akisikia injini tu anageuka chui, ndo jirani akanipa namba ya daktari wa mifugo anayefuata wanyama majumbani.

Kasema saa nne kaja saa nane, hapo nyota moja nimekata. Ila kazi anaijua! Kapima joto (kwa huko nyuma, Mwezi hajamsamehe mpaka leo) ikasoma 40, kumbe paka mzima ni 38 mpaka 39 na kidogo. Kavuta ngozi ya shingoni, haikurudi haraka, akasema maji yamepungua, akamwekea dripu chini ya ngozi na sindano ya antibayotiki. Nikauliza si ningempa tu Panadol, akanikazia macho, kidonge kimoja kinaua paka. Nikanyamaza, maana nusu nilishaikata iko mezani.

Kilichonifurahisha zaidi alikaa akanifundisha kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unapitisha pembeni ya mdomo kidogo kidogo, ukimimina katikati anapaliwa. Supu ya samaki isiwe na kitunguu wala chumvi, iwe vuguvugu ili harufu itoke, pua ikiziba paka hali.

Bei imechangamka kidogo, na risiti mpaka umkumbushe. Siku ya tatu Mwezi kaiba dagaa jikoni.