Uzoefu wangu na CNC ya 3018: mashine iliyokuwa ikisahau sifuri

Ni mwezi wa saba sasa natumia mashine ndogo ya CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta) ya aina ya 3018, ile yenye eneo la kazi la sentimita 30 kwa 18, inayoendeshwa na GRBL 1.1, programu iliyomo kwenye bodi yake ya umeme. Niliinunua kwa ajili ya kuchonga vibao vya majina kwenye mninga, na kwa bei yake sina malalamiko makubwa, isipokuwa jambo moja lililonimalizia wiki tatu na mbao nzuri.

Kibao cha kwanza kuharibika kilikuwa na herufi za kuchongwa kwa mapito manne. Pito la kwanza lilikaa sawasawa, la pili likasogea kidogo kulia, na kufikia la nne herufi zilikuwa zimehama karibu milimita 3, kuta zake zikatoka ngazi ngazi. Muuzaji alinishauri nibadilishe idadi ya hatua kwa milimita, yaani mota ipige hatua ngapi ili kichwa kisogee milimita moja, nami nikamtii bila kufikiri. Skrubu ya mashine yangu husogeza kichwa milimita 4 kwa mzunguko mmoja. Mota ina hatua 200, na kila hatua hugawanywa mara 16, kwa hiyo ile 800 niliyoikuta kwenye $100, mpangilio wa GRBL wa hatua kwa milimita, ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Isitoshe, hesabu ya hatua ikikosewa, kosa hukua kulingana na umbali, lakini kichwa kikirudishwa hurudi palepale. Nati ikiwa imelegea, kosa hujitokeza mwelekeo unapogeuka, wala halizidi hapo. Langu lilikuwa likijilimbikiza pito baada ya pito.

Nikachora mstari mwembamba wa wino mweupe kutoka kwenye shafti ya mota ya X (ya kulia na kushoto) hadi kwenye kaplingi, kiungo kinachounganisha shafti na skrubu, kisha nikakiendesha kichwa huku na huko kwa kasi kwa dakika 10. Mstari ulikatika: upande wa kaplingi ulikuwa umeachana na upande wa shafti kwa upana wa punje ya mchele. Kiskrubu kinachoibana kaplingi kilikuwa kimelegea, na kukikaza hakukuzidi nusu dakika.

Limebaki suala la umeme kukatika. GRBL huhifadhi sifuri ya kazi, yaani mahali kazi inapoanzia kupimwa, kwa jina la G54, lakini mashine isiyo na swichi za kikomo, zinazoihisi ikifika mwisho wa njia yake, ikiwashwa upya, hudhani kwamba pale ilipo ndipo mwanzo, hivyo sifuri iliyohifadhiwa huangukia mahali pengine kabisa. Nimefunga swichi tatu, nikaweka $22=1 ili kuruhusu mashine itafute mwanzo wake, na sasa kila ninapowasha natanguliza $H, amri ya kuutafuta; kazi iliyokatikia katikati naiendeleza mwenyewe pale pale ilipoishia.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu swichi hizo zilipaswa kuwamo ndani ya boksi.