PostgreSQL kwenye diski nyingine: tablespace au kuhamisha saraka nzima?

Diski kuu ya seva ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata) ikijaa, kuna njia mbili za kutumia diski nyingine.

Ya kwanza ni amri ya CREATE TABLESPACE, inayotengeneza tablespace, yaani eneo la data katika saraka nyingine, kisha CREATE DATABASE ya hifadhidata mpya inayotaja eneo hilo. Seva haizimwi, na data ya zamani inabaki ilipo. Hapa ndipo wengi hukwama: saraka lazima iwepo tayari, iwe tupu, na imilikiwe na postgres, akaunti inayoendesha seva, si wewe uliyeingia kwenye mashine. Ukipata "Permission denied" ilhali umiliki ni sahihi, panda juu ukikagua saraka moja moja. Mojawapo ikimnyima postgres ruhusa ya kupita, hafiki. Diski ya nje iliyopachikwa chini ya /media huwa hivyo mara nyingi. Kwenye Fedora na Red Hat, tazama pia lebo za SELinux (ulinzi wa ziada wa mfumo); chmod, amri ya kubadilisha ruhusa, haizigusi.

Ya pili: zima seva, nakili saraka yote ya data kwa amri ya rsync -a, badilisha data_directory (mpangilio unaotaja saraka hiyo ilipo), uwashe tena. Ruhusa za saraka hiyo ziwe 0700 (mmiliki pekee) au, kuanzia toleo la 11, 0750 (kundi lake pia lisome); zikilegea zaidi, seva inakataa kuwaka.

Mimi huchagua ya pili ikiwa tatizo ni udogo wa diski ya kwanza tu. Tablespace haijitegemei: ukipoteza diski yake, seva nzima inaweza kushindwa kuwaka, na huwezi kuichomeka kwenye seva nyingine ukaisoma. Basi tafadhali, usiiweke kwenye flashi.