Tibakazi kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: uzoefu wangu Mombasa

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, hitilafu ya ubongo inayovuruga misuli na mwendo, na kwake umeshika upande wa kulia wa mwili. Anatembea kwa kuchechemea, maneno hayamwishi, lakini mkono wa kulia alikuwa nao kifuani muda wote, ngumi imefumba. Tunakaa Likoni na kliniki iko ng'ambo, basi kila miadi ni feri kisha tuktuk. Wazazi wengi huniuliza kama tibakazi, yaani tiba ya kumsaidia mtu kufanya kazi za kila siku kama kuvaa na kula, ina faida au ni michezo ya kulipia pesa tu. Faida ipo, tena kubwa, ila kazi yenyewe inafanyika nyumbani kwako.

Mimi nilitarajia mashine. Nikakuta mkeka, vikapu vya vitu vya kuchezea, na dada mmoja mwenye maswali mengi: nani humvisha, huoga wapi, choo chenu ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mtu wa fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, alikuwa ameshughulika zaidi na miguu na mwendo. Huyu alitaka kujua mtoto atajifungaje vifungo.

Mavazi ndiyo yaliyobadilika kwanza. Mkono mgumu huingia kwenye nguo mwanzo na kutoka mwisho. Kitu kidogo, lakini kilimaliza kilio cha kila Ijumaa cha kuvaa kanzu. Kisha tukafundishwa kuanzia mwisho: mamake amvishe yote, amwachie kuishusha kanzu tu kutoka kiunoni. Akishaiweza hiyo, anaachiwa na hatua iliyotangulia. Hivyo kila mara ni yeye anayemaliza kuvaa, na jinsi anavyojisifu, utadhani ameishona mwenyewe.

Kula kulikuwa na siasa zake. Mamangu hakuvumilia kumwona mjukuu akila kwa kushoto, na kwa watu wa pwani hilo si jambo dogo. Mtaalamu hakubishana naye. Alimwambia, "Mama, huo wa kuume tuupe kazi yake." Kazi ikawa kushikilia sahani isiteleze huku wa kushoto ukileta tonge. Wakati wa mazoezi, asipokuwa na njaa, wa kuume hupewa kijiko ambacho mpini wake tumeuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, ukawa mnene wa kushikika. Juzi alishika hamri kwa kulia, akalimega kwa kushoto na kuchovya kwenye mbaazi. Mamangu bado hunung'unika wakija wageni.

Kiti nacho. Miguu ikining'inia, nguvu zote za mtoto huishia kwenye kujizuia asianguke, na mikono haibakiwi na kitu. Fundi wa mtaani alikata miguu ya kiti cha zamani mpaka nyayo zikagusa sakafu. Hakuna kifaa cha dukani kilichotusaidia zaidi ya hicho.

Lawama ninazo. Foleni ni ndefu, chumba ni kimoja na watoto wanapiga kelele, na wahudumu hubadilishwa, kwa hivyo unasimulia historia ya mtoto upya tangu kuzaliwa. Maagizo ya nyumbani tulipewa kwa Kiingereza, ilhali anayeshinda na mtoto mchana ni mamangu. Siku hizi narekodi video kwa simu, naye aangalie. Afadhali zaidi, mpeleke mwenyewe akaone.

Atakayekwambia tibakazi itaponya mtindio wa ubongo, mkimbie. Uulize pia leseni. Kenya ina sheria tangu 2017 inayotaka wataalamu hawa wasajiliwe.

Kliniki naipa nyota nne kwa tano, moja nimeizuia kwa ajili ya foleni na yale makaratasi. Sasa tunaingia mambo ya shule: mtaalamu amekubali kuzungumza na mwalimu kuhusu dawati na namna ya kushika penseli. Likitokea la maana nitaongeza hapa.