Sapropterini: kipimo cha saa 48 au jaribio la wiki nne?
Kwa mwenye fenilketonuria (PKU), ugonjwa wa kurithi ambao kimeng'enya cha kuvunja fenilalanini, kijenzi cha protini, hakifanyi kazi vizuri, swali ni lilelile: je, sapropterini, dawa inayokisaidia kimeng'enya hicho, itamshushia fenilalanini katika damu, au abaki na mlo wa protini kidogo tu?

Ulaya wengi huanza na kipimo cha saa 48. Mgonjwa hupewa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, siku mbili mfululizo, huku damu ikipimwa mara kadhaa. Fenilalanini ikishuka kwa asilimia 30, anahesabiwa ameitikia. Dawa inayotumika ni kidogo, na kwa bei yake hilo si dogo.

Tatizo ni wanaochelewa kuitikia: kipimo hiki huweza kuwakosa. Jaribio la wiki nne, lililozoeleka Marekani, huwanasa, ila linakula dawa na linadai nidhamu. Mtoto akidokoa jibini katikati, matokeo yamevurugika.

Mtoto mchanga mwenye kiwango cha juu hawezi kungoja mwezi, apimwe haraka. Mtu mzima ambaye kiwango chake tayari kiko chini, ningempa wiki nne, nikiangalia zaidi kama sasa anavumilia protini nyingi. Na aliyerithi kwa baba na kwa mama jeni zisizotengeneza kimeng'enya kabisa, hana haja ya kipimo chochote kati ya hivi.