Branxton nendeni, ila msiende na hawa

Jamani, kijiji cha Branxton, kule Northumberland, kaskazini mwa England karibu na mpaka wa Scotland, ni pa kwenda. Ila kampuni ya ziara niliyokwenda nayo mimi, hapana. Hasira hii ninayo tangu kiangazi.

Tulilipia ziara ya historia, na historia ndiyo tuliyonyimwa. Ni kijiji kidogo mno: nyumba chache, kanisa, na kibanda chekundu cha simu kilichogeuzwa kituo cha maelezo kwa wageni. Lakini hapo ndipo Mfalme James wa Nne wa Scotland alipouawa akipigana na Waingereza kwenye vita vya Flodden, tarehe 9 Septemba 1513, yeye na maelfu ya watu wake. Kilimani kuna msalaba wa mawe uliosimamishwa mwaka 1910, umeandikwa kuwa ni wa mashujaa wa mataifa yote mawili. Mwili ulinisisimka. Wafu wa pande zote wamekumbukwa kwenye jiwe moja!

Ukisimama msalabani unauona mteremko walioushuka Waskoti na mikuki yao mirefu, na chini yake bonde lililokuwa tope tupu. Tope ndilo lililowamaliza. Mikuki ile ina nguvu watu wakishikana safu; safu zilipovurugika, Waingereza wakawaingilia na silaha fupi zaidi, zenye kisu na ndoano, wakawafyeka. Njia ya miguu ya kushuka ipo. Nikamwomba mwongozaji tushuke kidogo tu. Akatazama saa, akanijibu mbele ya watu wote: "Kule ni shamba tu. Unataka kuona nini kwenye matope?"

Shamba tu! Watu wamefia pale! Hata kanisa, ambalo inasimuliwa kuwa mwili wa mfalme ulilazwa humo, tuliliona kupitia dirisha la gari. Muda wa kusimama kwenye duka la zawadi mji mwingine ukapatikana, tena wa kutosha.

Nilitaka kuwapa nyota tatu, maana gari safi na dereva muungwana. Nikilikumbuka lile jibu, mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya dereva. Nilipodai nusu ya hela yangu wakaniandikia kwamba ratiba ilifuatwa. Ratiba yao inasema "kutembea uwanja wa vita". Tulitembea wapi?

Mnaokwenda, kodini gari lenu. Anzieni msalabani, vaeni buti, shukeni mpaka bondeni. Hakuna kiingilio, na hakuna wa kuwatazamia saa.