Gari-nyumba la kukodi: tathmini ya siku ya kuhama

Tulikodi gari-nyumba kwa wiki tatu, lakini tathmini hii inahusu siku moja tu kati ya hizo, siku ya kumi na moja, tulipohama kambi moja kwenda nyingine kwa mwendo wa kilomita 280. Nimeichagua siku hiyo kwa makusudi. Gari la aina hii likiwa limetulia kambini, limeunganishwa na umeme na maji, ni vigumu kulinyima sifa: kitanda cha nyuma ni kipana, bafu lina maji ya moto, na meza inatosha watu wanne bila kubanana. Siku ya kuhama ndiyo inayolidai liwe nyumba na gari kwa wakati mmoja, na hapo ndipo nilipoona wapi kampuni iliyotukodisha imefanya kazi na wapi imelipua.

Tuliamka saa kumi na mbili asubuhi, lakini tairi hazikuzunguka hadi saa tatu kasoro robo. Sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye matangi, ambayo ni matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Penye shimo la kumwagia, tangi la choo hutangulia, kisha hufuata la maji ya kuogea ili maji yenye sabuni yasukume uchafu uliobaki ndani ya mpira wa kumwagia. Anayegeuza utaratibu huu atausafisha mpira kwa mikono yake mwenyewe. Valvu zote mbili zimewekwa upande mmoja, ndani ya kisanduku chenye taa, na kwa jambo hilo niliwashukuru waliounda gari hili kila tulipohama.

Lawama yangu iko kwenye kipimo. Baada ya kumwaga kila kitu, taa za ukutani ziliendelea kuonyesha kwamba tangi la choo limejaa robo tatu. Nilipopiga simu, mhudumu aliniambia kwa upole kwamba kipimo hicho hakiaminiki na kwamba nikipuuze. Sababu inajulikana: vipimo vya namna hii hutegemea vipande vidogo vya chuma vilivyopenyezwa kwenye ukuta wa tangi, na karatasi ikigandamana juu yake, kipimo husoma uchafu ule kana kwamba ni maji. Dawa yake ni kusuuza tangi kwa maji mengi, kazi ambayo ilipaswa kufanywa kabla gari halijakabidhiwa kwa mteja mwingine. Kwa kuwa sikuwa na kipimo cha kuaminika, nilimwaga mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila mara nilipoteza karibu nusu saa.

Kitabu cha maelekezo nacho kimenyamaza juu ya uzito. Tangi la maji safi huchukua lita 100, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo anayejaza tangi kabla ya kuondoka anabeba kilo 100 zaidi. Katika gari hili tangi liko nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo mzigo huinua kidogo upande wa mbele na kuufanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi. Tulijifunza hilo katika siku za mwanzo. Safari hii tuliondoka na lita 30 tu za chai na za kunawa, na tofauti ilionekana wazi kwenye kona na milimani.

Tairi sina la kuzilalamikia. Tarakimu nne zilizopigwa ubavuni, ambazo huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, zilithibitisha kwamba hazijafikisha miaka miwili, na hilo si dogo kwa magari ambayo tairi zake mara nyingi huchakaa kwa umri wakati kashata, yaani mikato ya tairi inayoshika barabara, bado ni nzima.

Barabarani injini ya dizeli ilikwenda kwa utulivu kwenye kilomita 80 kwa saa, na kimo cha gari, mita 3.05, kimebandikwa mbele ya macho ya dereva, jambo lililotuokoa kwenye paa la kituo kimoja cha mafuta. Hapo hapo nusura tugonge nguzo ya pampu, kwa sababu mkia wa gari ni mrefu na dereva akikata kulia, mkia huchomoza kushoto. Mdogo wangu alishuka akawa utingo, na tangu hapo hatukutoka kituoni bila yeye kusimama nyuma.

Kero kubwa ya siku ilikuwa kelele. Katika gari-nyumba, kila kisichofungwa hupata miguu. Vishikizo vya droo mbili vimelika, na kwenye kipilefti cha kwanza droo ya vijiko ilifunguka yote, ikamwaga vitu hadi chini ya kiti cha dereva. Kijiko kikijibana chini ya pedali ya breki, hayo si masuala ya kero tena. Tulisimama, tukafunga droo kwa kamba ya kuanikia nguo.

Jokofu lilifanya kazi yake bila kusumbua: mtungi wa gesi ulifungwa tukiwa njiani, likatumia umeme wa gari, na tulipofika likahamia lenyewe kwenye umeme wa kambi. Hata hivyo, jokofu la aina hii hupoza kwa kuchemsha mchanganyiko wenye amonia unaoteremka kwa uzito wake, na gari likisimama kwa kuinama, mzunguko huo hukwama. Kwa hiyo tulipima sakafu kwa pima maji ya fundi mwashi na kupandisha tairi moja juu ya kabari tulizopewa. Mojawapo ilikuwa na ufa. Ilihimili, ila nilizuia pumzi.

Siku ya kurudisha gari nilimwonyesha mpokeaji zile droo, kabari na kipimo, naye akaandika vyote. Ningelikodi tena kwa safari yenye kambi chache na siku nyingi katika kila kambi, na ningebeba kamba ya ziada.